Mihogo ya Mama Mukwe

Siku ya posho (Jumamosi), mangaribi

Mihogo yetu yote ya juma, ile ya kutwanga bunga, mama mukwe aliianika asubuhi juu ya mifuko bwana yangu anarudisha kutoka Mutoshi, kwenye anachimba mawe. Mi mwenyewe niliifula ile mifuko, nipate kuifunika paa ya jikoni mbele ya mvula kuanza. Ilikuwa myeupe kabisa. Yeye anatoka Sandoa, kwenye hakuna migodi; kwao mufuko ni mufuko tu. Angejua namna gani kama ilibeba mawe ya kobalti, yenye sumu?

Mama mukwe haumusemeshi hivi hivi. Nilipiga magoti kando yake, nikamwambia polepole: "Mama, hii mihogo batoto basikule. Ile mifuko iko na vumbi ya mawe, hata kuifula haitoke yote."

Nikangojea aseme niko na kiburi, mi mutoto wa cité, wa mujini, naharibu chakula. Na kweli, nyumbani hakuna bunga ingine. Bukari, ugali wetu wa kesho, sijue itatoka wapi. Pengine kwa jirani, kama...

Alishika muhogo moja, akaugeuza-geuza, akaurudisha.

"Kama ni mubaya kwa batoto," akasema, "na mwana wangu je? Yeye anaibeba ile mifuko kwenye mugongo kila siku."

Mihogo tumeitupa kwenye shimo, sisi wawili. Bwana yangu yuko bado Mutoshi, na mufuko wake mugongoni.