Amri ya Kuchungulia

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeketi, maana dada anasema siku hizi ukitoka chumbani kwenda mlangoni unapumzika njiani. Mama hajambo? Sisi huku wazima, na mjukuu wako ameota meno na anatung'ata sote bila ubaguzi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja moyo wako tu, mtandao hukatika ghafla upande wako. Barua huwezi kuikata.

Dada amenieleza yaliyotokea hospitalini. Daktari alikuambia kwamba moyo wako unaruka mapigo, na usipowekewa kifaa cha kuusaidia, hautakufikisha mbali. Ukamjibu, "Mimi siwekwi kitu kifuani ambacho sijui ndani yake kukoje," ukachukua kofia yako ukatoka. Dada alilia garini. Mimi aliponisimulia nilicheka kwanza, kwa kuwa nilikusikia kabisa, kisha na mimi nikalia.

Nilikumbuka chumba chako cha kutengenezea redio. Harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, redio za watu zimepangwa ukutani na vikaratasi vya majina, na mimi nimekalia kreti la soda nikikushikia tochi, nikisinzia unanigutua. Hukupenda kuzima redio ili uipime. Ulisema ikizimwa haina la kukuambia. Vipimo vyako ulijitengenezea mwenyewe kwa njiti za mwavuli mbovu, waya na balbu ndogo, na hukugusa redio ya mteja kabla ya kukijaribu kipimo kwenye redio yetu ya sebuleni, ile nzima. Mama alikuwa analalamika kwamba hajawahi kusikia taarifa ya habari ikafika mwisho. Chumba kile nakikumbuka sana, Baba, kuliko ninavyosema.

Kazi yangu ni hiyo hiyo, ingawa ukiniuliza huwa nakujibu "kompyuta" na mazungumzo yanaishia hapo. Programu inapofanya kazi huweka mambo yake kwenye kumbukumbu, na ukiyatazama yalivyo ni namba tupu, kurasa kwa kurasa. Tuna programu nyingine, tunaiita dibaga, inayoisimamisha ile ya kwanza katikati ya kazi bila kuizima, ili tuchungulie. Tatizo ni kwamba dibaga haijui namba ipi ina maana gani. Kwa hiyo mimi naifundisha amri mpya. Naandika neno moja nililolibuni, nayo inazikusanya namba na kunipangia kwa lugha ya watu: hili lilitokea lini, lipi likafuata, wapi programu ilingoja, wapi ikachukua hatua.

Mwaka jana amri yangu moja ilinionyesha tukio limehesabiwa mara mbili. Nikamwendea mwenzangu aliyeandika sehemu ile, tunamwita Taratibu kwa jinsi anavyokula, nikamwambia kazi yake ina kasoro. Aliacha sahani yake, jambo ambalo ofisini halijawahi kuonekana, tukatafuta kutwa nzima. Kumbe orodha ya matukio kwenye kumbukumbu ikijaa, programu hurudi mwanzo na kuandika juu ya yale ya zamani, na amri yangu ilikuwa inasoma ya zamani na mapya kwa pamoja. Kipimo ndicho kilikuwa kibovu. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo kila amri naijaribu kwanza kwenye orodha niliyoijaza mwenyewe, ninayoijua yote, kama ulivyofanya wewe. Na ni kwa amri iliyofaulu jaribio hilo ndipo tulipoona kasoro ya kweli: programu ilikuwa inangoja kupita kiasi. Tuliirekebisha kabla kifaa kinachoendeshwa nayo hakijatoka kwetu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Dada alinisomea jina la kifaa ambacho daktari anataka kukuwekea. Baba, hicho tunakitengeneza sisi. Matukio ninayoyachungulia ni mapigo ya moyo. Pale programu inapongoja, inausikiliza moyo kama utapiga wenyewe. Usipopiga, inaushtua.

Nimekaa na neno hili bila kumwambia hata dada. Niliogopa ungekubali kwa kuniridhisha tu, halafu jambo likiharibika niishi nalo. Bado naogopa. Siwezi kukuapia kwamba hakitaharibika kamwe, na wewe hukuwahi kumwapia mteja hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba nimekitazama ndani, na kwamba sitaki mwanangu akujue kwa picha.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa nakuja na kimoja cha majaribio pamoja na kompyuta yangu. Tutakiweka mezani, tukisimamishe, tuchungulie pamoja. Uliza lolote, hata la kunikera. Ukimaliza na bado hutaki, sitakusimanga wala sitamtuma mtu aje kukubembeleza. Ila hilo "hapana" usimwambie daktari. Niambie mimi, tukiwa tumekaa, unanitazama.

Mpe mama salamu zangu nyingi, na umwambie asihangaike kunitandikia, nitalala popote. Mkwe wako anakuamkia. Mjukuu angekuamkia pia, ila kwa sasa anatafuna kona ya karatasi hii.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako