Rangi Nyeupe Juu ya Mabati

Songo, Jumamosi

Kuhusu kuta, muuzaji wa rangi alinidanganya. Nilipaka rangi yake nyeupe "ya kuzuia joto" kwenye kuta za ndani za chumba cha mama, lakini joto halikupungua. Mama, ambaye ni mgonjwa wa moyo, aliendelea kukimbilia kwa jirani kila adhuhuri kutafuta ubaridi.

Juzi nikapanda paani mwenyewe, nikaipaka juu ya mabati. Mume wangu akacheka: "Weye, jua iko kali hivi, rangi itafanya nini?"

"Itarudisha jua kwake, angani."

Leo saa nane mchana nimesimama juu ya kiti, nikagusa bati kwa ndani: vuguvugu tu. Vumbi likiichafua rangi, sijui kama itaendelea kufanya kazi. Nitaiosha.

Mama alikuwa amelala usingizi mzito. Alipoamka akashangaa: "Minye nimelala muchana, mu chumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

Akajigeuza, akalala tena.