Siku Zangu Zimelipwa

Dada yangu mpendwa Mumbua,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kayole. Mwili wangu ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua kwa vumbi la unga kimetulia. Wewe je, na shemeji, na watoto? Mvua imewafikia? Huku imenyesha hadi mbele ya ploti yetu hapapitiki bila viatu vya gambuti.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na baba yuko hapo kando yako.

Uliponiambia kwamba juzi mchana baba aliuliza nani amezima taa, nilijua macho yake yamefika mwisho. Daktari alitueleza kuwa nuru ya macho yake itapungua hadi iishe, lakini mimi nilidhani bado tuna muda. Nilitaka nikae naye wiki nzima, anitazame ashibe. Miaka mitatu hajaniona.

Ndiyo maana mwezi mzima nilikuwa nabaki bekari baada ya zamu, na Jumapili naingia pia. Msimamizi wetu alikubali, kwa mdomo tu, kwamba saa hizo za ziada zisilipwe, zigeuzwe ziwe siku za mapumziko. Si mtu mbaya. Ila alihamishiwa tawi jingine, na ahadi akaondoka nayo.

Mwisho wa mwezi mshahara ukaja umenona. Wenzangu wakanitania ninunue nyama. Mimi nikajua saa zangu zimelipwa, nikaenda kwa karani wa mishahara, mama mmoja mpole. Akanieleza polepole: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa saa mia mbili ishirini na tano, hapo unapata bei ya saa moja. Saa ya ziada ya siku ya kawaida hulipwa bei hiyo na nusu yake. Ya Jumapili au sikukuu, mara mbili. Nikapiga hesabu mwenyewe. Haikukosekana hata shilingi.

"Mama, mimi nilitaka siku, si pesa," nikamwambia. "Naweza kurudisha?"

"Mbona hukuniambia mapema, Musyoki? Mimi nimeona masaa, nikalipa. Na ulisaini."

Kweli nilisaini. Kila Jumamosi fomu ya saa za ziada ilipopita nilitia sahihi, nikidhani naandikisha siku zangu za kuja nyumbani. Saa ikishalipwa imekwisha, haidaiwi tena. Karani aliniambia pole, na najua alimaanisha. Laiti ningepata wa kugombana naye, dada, ningepata nafuu. Nani amenidhulumu sasa? Hakuna.

Pesa zenyewe nimekutumia. Mnunulie baba blanketi zito, zinazobaki ziwe za chakula. Jumamosi nikitoka kazini nitakuja, nilale, nirudi Jumapili jioni. Walipoandika majina ya watakaofanya kazi Jumapili hiyo, langu nilikataa liandikwe.

Nisalimie shemeji, na shangazi anayemsomea baba Biblia, na kitinda mimba wako ambaye najua hanijui.

Nina ombi moja. Nikishafika, baba atakuvuta kando akuulize nafananaje siku hizi. Mwambie niko vile vile alivyoniona mara ya mwisho. Nimeota mvi, Mumbua. Hizo usimtajie.

Ni mimi ndugu yako,
Musyoki