Chura wa Mama Mkwe wa Klara

Pendo, acha kupika usome hii. Klara nimemwacha analia huku anacheka.

Asubuhi kakuta chungu kimefukiwa nusu kwenye bustani yake ya mchicha. Kafunua, ndani chura. Chura, Pendo, ndani ya chungu.

Akajua karogwa. Akamwita mchungaji, wakapiga magoti, wakakemea mpaka jasho likawatoka, halafu chura wakamrusha ng'ambo ya ua.

Ndipo mama mkwe wake, yule aliyekuja juzi kutoka Mtinko, akarudi kutoka sokoni. "Nani kamtoa chura wangu? Mvua zimeanza, nimemwekea nyumba ale wadudu wa mchicha."

Mchungaji akaishia kusema, "Shikamoo, mama."

Sasa hivi mchungaji kapiga magoti tena, kwenye majani ya jirani. Safari hii anamtafuta chura.