Kaboni Uliyoiacha Kwenye Mashine

Bi Zuhura,

Shikamoo. Nimeipiga hiyo shikamoo halafu mikono ikasimama yenyewe, kwa mazoea tu, nikingoja ile marahaba yako ya puani. Leo Jumamosi, wenzetu wameondoka tangu saa sita na nusu, na mimi nimebaki ofisini na mashine yako ya taipu. Naandika upande wa nyuma wa karatasi zilizoharibika, usije ukafufuka kunigombeza kwamba nimefungua bunda jipya.

Miezi minane sasa. Kikombe chako nakiosha kila asubuhi pamoja na changu, nakifuta, nakirudisha kwenye sinia kikavu. Hakuna anayenicheka tena kwamba naishindilia chai sukari kama mtu anayepakia gunia. Nikitoka kazini kurudi kwangu Ng'ambo nazunguka mtaa wa nyuma ili nisipite mlangoni pako. Njia hiyo ina matope, lakini bora matope.

Siku ya maziko wanaume walikupeleka, sisi wanawake tukabaki uani tukichambua mchele. Mimi Mmoravia wa kijijini hata dua za kuitikia sikuzijua, nikawa nachambua tu. Sijakuaga, Bi Zuhura. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwenye orodha ya ofisi mimi bado ni mfagizi. Karani mkuu amenikumbusha juzi tena, kwa upole wake ule unaochoma: "Ndugu Kulwa, unashikilia tu mpaka mpiga chapa aletwe." Haya, nashikilia. Wewe ndiye uliyenitoa kwenye fagio ukanikalisha kwenye hicho kiti, na kila ulichonionyesha nakifanya. Nyuma ya barua naweka karatasi ya pili, rola isiumie. Herufi zenye tumbo zikizibwa na wino nazichokonoa kwa pini ya ushungi wako, ile uliyoisahau kwenye droo. Mafuta ya cherehani tone moja, si mawili, "maana mashine si chapati." Utepe ukififia naupindua chini juu, nusu ya chini bado mbichi. Na jioni naifunika kwa kanga yako dhidi ya vumbi, japokuwa hiyo kanga nayo siku hizi haina tena harufu ya udi. Imebaki ya vumbi.

Kuna jambo moja nimelifanya ambalo hukunifundisha, na naona haya kulisema. Unajua kila barua chini kabisa, kushoto, mpiga chapa huweka herufi zake mbili ndogo, ili barua ikiwa na kosa ajulikane wa kuulizwa. Mimi sikuthubutu kuweka zangu. Mfagizi ataulizwa nini? Nikawa naweka zako. Miezi minane, Bi Zuhura, barua zinatoka humu kwenda Igunga, kwenda Nzega, hadi Dar es Salaam, zote zina zs pale chini. Karani mkuu anasaini. Sijui haoni, au anaona akanyamaza. Na mimi nilikuwa nikizipiga hizo herufi mbili najisikia kama umetoka kidogo tu na utarudi.

Sasa sikiliza yaliyonipata Jumanne.

Alikuja mama mmoja kutoka kijiji kipya huko upande wa Igunga, kapanda lori la pamba alfajiri. Mikononi ana karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Wamehamishiwa mahali pazuri, anasema, shule ipo, zahanati inajengwa, lakini maji hakuna. Wanawake wanatoka na ndoo kabla jogoo hajawika na wanarudi jua limewaka. Kikao cha kijiji kinaomba kisima. Karani mkuu akasema ipigwe, iwe na nakala moja, na lori la yule mama linageuza saa tisa alasiri. Akakaa kwenye benchi, akavua ndala, akanitazama.

Kaboni, karatasi ya wino ya kutolea nakala, sina. Tumeambiwa tusubiri, tumesubiri, na zile kuukuu nimezitumia mpaka zimekuwa nyavu. Nikakumbuka ile ya droo ya chini.

Unaikumbuka siku yenyewe? Sijui kama unaikumbuka. Nilikuwa mlangoni na sinia, nikasikia mashine inanyamaza katikati ya mstari. Wewe hukuwahi kunyamaza katikati ya mstari. Nilipoingia umeshika kifua, unanitazama kama mimi ndiye niliyeumwa. Walipokuchukua na gari la ofisi, karani mkuu akachomoa karatasi zako zote akazichana, maana hapa barua isiyokwisha si barua. Kaboni akanipa, "Katupe." Nami ulinizoeza kwamba kaboni haitupwi. Nikaitia droo, na tangu hapo sikuigusa.

Jumanne nikaitoa nikaiinua dirishani, ulivyokuwa ukifanya, kuona kama bado ina uhai. Ilikuwa nyembamba, na kwenye mwanga maneno yakajitokeza meupe. Yalikuwa ya barua moja tu, maana uliipasha moto asubuhi ileile kufuta ya zamani kabla ya kuanza. Nikasoma nimesimama. Nilijua ni maneno yako ya mwisho, nikataka yawe makubwa. Nikataka yawe yangu.

Ulikuwa unaomba vifaa. Lo, Bi Zuhura! Tepe mbili na boksi moja la kaboni. Nilicheka peke yangu hadi yule mama akageuka. Kisha nikasoma mstari wa chini: "kwa matumizi ya wapiga chapa wawili wa ofisi hii, Zuhura Salum na Kulwa Sh".

Hapo basi. Ulikuwa umefika kwangu.

Wapiga chapa wawili. Hukuwahi kuniambia. Kila siku "wewe Kulwa, vidole kama mihogo," kumbe ulishaniandika.

Nilitaka kuikunja niitie kwenye Biblia yangu. Nilitaka pia nikimbie nayo kwa karani mkuu, nimwinulie dirishani, asome mwenyewe. Hakuna karatasi nyingine duniani inayosema mimi ni nani humu. Nikajaribu ujanja wa kuigeuza kichwa kiwe miguu, nakala ikatoka na mapengo, neno kisima halisomeki. Dawa ilikuwa moja, na ulinifundisha wewe. "Hiyo haijafa, ina baridi tu." Kuipitisha juu ya mkaa wino uyeyuke, ujaze penye weupe.

Yule mama alikuwa anajipangusa vumbi miguuni.

Nikaenda nyuma kwenye jiko la chai. Nikaishika pembe mbili, nikaipitisha juu ya mkaa, kwenda na kurudi, bila kusimama ili isijikunje. Niliangalia. Kwanza zilifutika tepe, kisha boksi, kisha jina lako. Langu lilikuwa la mwisho kwa kuwa nililianzia mbali. Nililia, ndiyo, na machozi nikasingizia moshi.

Nakala ilitoka nyeusi, unaisoma bila kukodoa macho. Nilipofika chini kabisa, kushoto, vidole vikaenda kwenye z kwa mazoea. Nikavizuia. Nikapiga ks.

Karani mkuu alisoma hadi mwisho, akaiweka kalamu pale kwenye herufi zangu. Akasaini. Mama akaliwahi lori.

Hawajajibu kuhusu kisima, na mpiga chapa wao anaweza kuletwa Jumatatu. Akija nitampisha kiti, lakini ataanza kwa kuonyeshwa pini, na tone moja, na mkaa, na nitamwambia ni nani aliyekuwa akifanya hivyo. Hilo nakuahidi. Kisima kikichimbwa nitakupigia barua nyingine.

Kwaheri, Bi Zuhura. Sasa ndiyo nakuaga. Hii sikuitilia kaboni, haina nakala. Naifunika mashine kwa kanga yako, naenda nyumbani, na leo nitapita mlangoni pako.

ks