Mlango Usiolia

Shoga, nimejificha jikoni. Nimekwisha!

Si unaujua mchezo wetu wa redio? Katika kipindi cha leo, mume alirudi kwa siri kutoka kwa hawara. Sauti zote nilitengeneza mimi: viatu vinavuliwa nje, kikohozi kinamezwa, mlango unanyanyuliwa kidogo ili usilie.

Mama na baba walikuwa wanasikiliza. Mama akazima redio, akaniuliza, "Haya umeyajulia wapi?"

Nikasema nimebuni tu. NIMEBUNI TU! Baba akaikodolea dari macho.

Shoga, utotoni nilizisikia sauti hizo usiku nikiwa kitandani. Kule studio mikono ilikumbuka yenyewe, wala sikufikiria!

Nifanyeje? Sasa mama ameuendea mlango wetu, ule unaolia kama mbuzi. Ameunyanyua kidogo, akaufungua.

Haukulia.