Mstari wa Maji

Nyagasozi, Rusizi
Tarehe 14 Septemba

Kwa kaka yangu mpendwa Harerimana, Papa Bruno,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Maman Bruno na watoto wote wa nyumbani. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima, na kwamba ule mguu wako umeacha kukusumbua kila mvua inapokaribia. Sisi huku tunapumua na tunakula, na mpunga wa bondeni haukuwa mbaya msimu huu. Maman ni mzima. Asubuhi anakohoa, mchana analalamika, jioni anasali rozari kwa sauti ya kutufanya sote tujione wenye dhambi. Shemeji yako Valens angekusalimu, ila hajui kwamba ninakuandikia.

Utashangaa kupata barua, siku hizi ambapo hata msiba unatangazwa kwa sauti ya WhatsApp. Nimejaribu simu, kaka. Mara nne nimeishika, na mara nne nimeishia kukuuliza bei ya dagaa, ile sambaza ya huko Bukavu. Halafu sauti ikitumwa husikilizwa na kila aliyeketi sebuleni, na haya yangu yanataka mtu mmoja na mlango uliofungwa. Karatasi hii nimemkabidhi Iriza, yule anayevusha nyanya mpakani Rusizi ya Kwanza kila asubuhi. Nimeifunga kwa gundi na nimemwonya kwamba akiifungua nitajua.

Unakumbuka mwaka jana mwezi wa kumi nilikuambia kwamba tumeulizwa. Tulifurahi sana na hilo neno, maana mtu aliyezoea kutangaziwa, siku akiulizwa anajiona naye amekuwa mkubwa. Gitifu wetu Habiyaremye, ndiye kiongozi wa kata yetu hapa, alikuja na daftari akatangaza kwamba wakubwa wanatayarisha mpango wa mwaka na hawataki kupanga bila sisi. Kila kijiji kichague jambo moja, akasema, na Jumamosi ya umuganda, tukishamaliza kazi ya pamoja, tutapiga kura. Tulitaja mambo kumi na mengine ya kuchekesha, hata uwanja wa mpira. Mwisho yakabaki mawili, maji na barabara.

Maji aliyapigania Maman. Wewe umeshateremka ile njia ya chemchemi, unajua ilivyo. Kushuka ni kuteleza, kupanda ni kuomba Mungu, na bidoni ya lita ishirini kichwani haikuulizi umri. Kuna chanzo kingine juu ya kilima. Lingevutwa bomba moja tu mpaka katikati ya kijiji na wanawake wangepumzika. Maman alipita nyumba kwa nyumba na ile fimbo yake, akiwaapisha watu. Sijamwona na nguvu hivyo tangu tulipotoka Congo. Barabara aliipigania Twagirayezu, mume wa Nyiraneza jirani yetu, kwa sababu ananunua ndizi na kuzipeleka Kamembe, na lori haliwezi kufika kwetu.

Siku tatu kabla ya kura, gitifu alipita nyumbani. Maman alikuwa kanisani. Alikaa, akala maharage na ndizi, akamsikitikia Valens kwa kukaa bure tangu kazi ya kiwanda cha saruji ilipokwisha. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na sahani yake, kwamba maji ni mambo marefu, yana wataalamu na vipimo, ila barabara ni jambo la upesi, na barabara haikosi kapita wa kusimamia vibarua, na yeye kwa macho yake haoni kapita mwingine hapa zaidi ya Valens. Hakusema tuchague nini. Watu wa namna ile hawasemi. Alisifu maharage akaondoka.

Kaka, huku kura ya kijiji haina sanduku wala karatasi. Wanasimama watu wawili mbele, wanawapa wengine mgongo ili wasione nani anawafuata, na kila mtu anakwenda kupanga mstari nyuma ya yule anayemtaka. Maman alisimama upande wa maji, mgongo umenyooka kama wa msichana. Twagirayezu alisimama upande wa barabara. Tulikuwa na matope ya umuganda miguuni, kila mtu na jembe lake. Gitifu alipita akihesabu kwa kugusa mabega. Barabara ilipata watu sabini na wawili. Maji yalipata sabini na mmoja.

Tulipiga makofi. Sisi tunapiga makofi kwa kila kitu. Mistari ikavunjika, ndipo Maman akaambiwa anaweza kugeuka. Njiani aliniuliza kama nilikuwa nyuma yake, nami nikamjibu, Maman, ningekuwa wapi tena?

Wiki ile hakulala vizuri. Alikuwa anahesabu kwa vidole watu waliomwapia, na kila akihesabu mmoja anakosekana. Ndipo akaamua kwamba ni Nyiraneza. Nani mwingine, kama si mke wa mwenye barabara? Siku moja kule chemchemini, mbele ya wanawake wote, alimpandishia sauti: “Weye Nyiraneza, ulinikulia kiapo! Ulifwata bwana yako, ukaniacha mimi muzee nasimama peke yangu!” Kila mwanamke akakumbuka kusuuza bidoni yake. Nyiraneza aliweka chini bidoni yake iliyokwisha kujaa, akanitazama mimi, halafu akamwambia Maman polepole: “Maman, kama unaona vile, basi ni vile.” Akajitwisha maji yake akapanda.

Yaliyofuata unayajua, kwa sababu yalikufikia. Maman alikutumia ile sauti ndefu, akasema damu ya nyumba ile si ya kuchanganya na yetu, na kwamba mwanao Bruno atafute mke kwingine. Mlikuwa mmekwisha kufika kwao na pombe ya kuomba mlango. Teta, binti wa Nyiraneza, alikuwa amekwisha kushonesha nguo. Sherehe ilikuwa iwe mwezi wa kwanza. Nawe, kwa sababu u mtoto mtiifu na Maman ndiye mzazi tuliyebaki naye, ulituma neno kwamba familia imeona vingine. Sikulaumu. Ulitii ulichoambiwa, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na Maman wakati anarekodi ile sauti. Nilimshikia simu.

Sasa nikupe habari ya mpango. Mwezi wa saba pickup zilikuja na matofali na mchanga. Watu walitoka na majembe wakidhani ni barabara, Valens akavaa buti zake za kiwandani alizokuwa amezipaka rangi. Kumbe si barabara, wala si maji. Tumejengewa jumba. Jumba zuri, kaka, la bati za kijani na sakafu ya kung’aa, na viti vya plastiki mia moja. Tulipouliza ni la nini tukaambiwa ni la kushauriana na wananchi. Kijiji kimoja kilitaka maji, kingine barabara, wakubwa wakaona kinachokosekana kila mahali ni pahali pa kuulizia. Na kapita alikuja kutoka mbali, na vibarua wake. Sisi wanawake kazi haikutupita: maji ya kuchanganya ile saruji yote tuliyabeba sisi kichwani kutoka chemchemini, miezi miwili.

Wiki jana limefunguliwa. Gitifu alisema kwamba sasa tutatoa maoni yetu bila kuchomwa na jua. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka, nikamtazama Maman na yeye anapiga, na mbele yake kidogo Nyiraneza, ameketi peke yake, viti viwili kila upande vitupu, maana tangu Maman amkatae watu wengi waliona ni heshima kumkataa pia. Hapo ndipo nilipojisikia uchungu ambao sijui niuite nini. Nilitaka kusimama niseme. Sikusimama. Nilikunywa soda niliyopewa.

Basi kaka, nisizunguke tena. Mstari wa maji ulipungukiwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nilisimama nyuma ya Twagirayezu, wa nne kutoka mwisho, na Valens mbele yangu. Sikusukumwa. Valens hakunilazimisha, aliniambia tu kwamba mke wa kapita hasimami mstari mwingine, nami nikacheka, nikaipenda ile sauti ya mke wa kapita. Nilimwona Maman kwa mbali, mgongo wake na kile kitenge cha njano, nikajiambia kwamba wengine watatosha. Kumbe kila mtu ni wengine wa mwenzake. Ningesimama nilipoapa kusimama, maji yangepata sabini na wawili, na barabara sabini na mmoja. Usiniambie kwamba jumba lingejengwa vilevile. Najua. Hilo halinisaidii kitu.

Na Nyiraneza alikuwa katika mstari wa Maman. Alichelewa kwa sababu alikuwa na mgonjwa ndani na ilibidi ateke maji kwanza. Alifika mbio, kitenge kimelowa, akasimama wa mwisho kabisa, akimpinga mume wake mwenyewe mbele ya kijiji. Aliniona nilipo. Wote waliniona. Kijiji kizima kilijua, isipokuwa Maman aliyetupa mgongo, kwa maana nani atamwambia mama mzee kwamba aliyemwangusha amemzaa mwenyewe? Kumsafisha Nyiraneza ilikuwa ni kunitaja mimi, na hakuna aliyetaka kunitaja, hata Nyiraneza. Amebeba jina langu karibu mwaka mzima. Tukikutana njiani ananisalimu. Afadhali angenitemea mate.

Jumapili baada ya misa nilishindwa kuendelea kuficha. Nilimkuta Maman anachambua mchele, nikapiga magoti, nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Nilitegemea fimbo. Nilitegemea anilaani, na nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, na naandika kama alivyosema: “Banatuambiaka tusigeuke. Mimi niligeuka, mutoto wangu. Nilikuona.”

Aliniona, kaka! Kabla gitifu hajamaliza kuhesabu aligeuza shingo kidogo akaniona nilipo, na akamwona Nyiraneza mwisho wa mstari wake. Njiani aliponiuliza kama nilikuwa nyuma yake alikuwa anajua, alikuwa ananipa nafasi, nami nikamjibu ningekuwa wapi tena. Nikamuuliza, sasa ile hesabu ya vidole ilikuwa ya nini, na chemchemini ilikuwa nini, na sauti uliyomtumia Papa Bruno? Hasira ilinipanda, mimi mkosaji ndiye niliyempigia kelele. Akaweka ungo chini. Akasema alikuwa na moto kifuani na ilimbidi amtupie mtu. Akasema: “Ningesema ni weye, ningelala wapi?”

Jirani, alisema, mtu anaweza kumpoteza na akaishi. Lakini kitanda chake kiko katika nyumba ya Valens, chakula chake kinatoka mkononi mwangu, na mzee wa miaka sabini na sita hachagui wa kugombana naye, anachaguliwa. Akaniomba nisikuandikie. Akasema Bruno ni kijana, atapata mwingine, na Nyiraneza ana moyo mkubwa, utabeba. Kisha akaniuliza kama usiku huo atapata chai yake. Nilimpikia. Nilipoimimina nikaimwaga nusu, nikafikiri: mama yangu ameishi mwaka mzima ndani ya nyumba yangu akiniogopa.

Ndiyo sababu nakuandikia bila ruhusa yake. Teta bado yuko Kamembe, kwenye duka la dawa. Wamekuja watu wawili kumposa na wote amewarudisha, lakini shangazi zake wamechoka na krismasi hii watamwoza. Mwambie Bruno ukweli wote, pamoja na jina langu. Sikuombi unisamehe, hilo litakuja au halitakuja. Nakuomba uvuke mwenyewe, si kwa simu na si kwa kutuma mtu, uje na wazee wawili, mvae vizuri. Na ukishuka kwenye pikipiki pale njia panda, kaka yangu, usikate kulia kuja kwa mama yako. Nenda kwanza kwa Nyiraneza. Piga hodi hapo, uketi, ukubali chochote watakachokupa, hata wakikupa maji matupu, maana unajua yanapotoka. Maman atakuona kutoka mlangoni kwetu ukipita, na ataelewa kwamba nimesema. Mimi nitakuwa nimesimama karibu naye. Ukimaliza huko, njoo umwambie mbele yangu kwamba kitanda chake hakiondoki, maana mimi nikimwambia haniamini.

Msalimie Maman Bruno, umwambie kitenge alichoniletea nakivaa. Wapakate watoto kwa niaba yangu. Kwa Bruno sina salamu ya kumpa sasa, mpe tu hii karatasi aisome.

Wako aliyezaliwa nyuma yako,

Uwingabire